Nimealikwa kukutana na kijana aliyeniibia: nikienda, nitakuwa nimemsamehe?

Mwenye_Nyumba ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba mawazo ya wenye uzoefu au elimu ya jambo hili, kwa maana nimelizungusha kichwani kwa wiki tatu na bado sijapata pa kulishika.

Miezi minane iliyopita mtu alivunja dirisha la jikoni usiku, nikiwa nimelala, akaondoka na kompyuta, mkoba na simu ya zamani iliyokuwa kwenye droo. Kompyuta na mkoba nimekwisha kuvisahau. Simu ile ndiyo iliyokuwa na jumbe za sauti alizonitumia marehemu baba katika mwaka wake wa mwisho, nami kwa uzembe wangu sikuwahi kuzihamisha. Jambo la pili ni dogo, na ndilo linaloniamsha usiku: mlango wa chumba changu cha kulala huwa nauacha wazi kiasi cha kupitisha kiganja, na asubuhi ile niliukuta wazi kabisa, umegota ukutani. Polisi waliandika kila kilichoibwa. Mlango hawakuuandika, kwa sababu mlango haukuibwa.

Aliyefanya hayo ni kijana wa miaka 19. Alikamatwa, akakiri kosa, akahukumiwa, na sasa anatumikia adhabu yake. Wiki tatu zilizopita nilipokea barua inayonieleza kwamba yuko tayari kukutana nami mbele ya mpatanishi, kwamba silazimiki kukubali, na kwamba utaratibu huo unaitwa haki rejeshi. Shangazi yangu aliposikia alifurahi, akaniambia yaliyopita si ndwele. Kaka yangu naye anasema nikienda nitakuwa nimempa mwizi cheti cha wema bila jasho. Hakuna kati yao aliyenigusa, kwa kuwa sijasamehe, wala sina hakika kama nataka kusamehe, lakini kila nikitaka kuichana ile barua mkono unasita.

Basi nauliza: je, kuketi naye ni kumsamehe? Je, anafanya hivi ili apunguziwe adhabu? Na akinidanganya nikiwa nimekaa mbele yake, si nitakuwa nimejiongezea fedheha juu ya hasara?

Mpatanishi_Mstaafu amejibu:

Dada Mwenye_Nyumba, pole sana kwa yaliyokupata, na pole zaidi kwa zile sauti za mzee. Nimefanya kazi ya kuwakutanisha waliokosewa na waliokosa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na hilo swali lako la kwanza ndilo nililoulizwa kuliko yote.

Jibu langu ni hapana, kuketi naye si kumsamehe. Linalotuchanganya ni hilo neno "upatanisho", ambalo masikioni mwa wengi linakuja tayari na picha ya watu wawili wanaopeana mikono, hata kabla yeyote hajafungua kinywa. Mahakama huuliza ni sheria gani imevunjwa, nani ameivunja na anastahili adhabu gani. Sisi tulifundishwa kuuliza nani ameumizwa, ana haja gani, na ni wajibu wa nani kuikidhi haja hiyo. Katika maswali hayo msamaha haumo. Ukitokea, unatokea, na mimi nimeuona ukitokea mara chache kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingine ulikuja miezi mingi baada ya kikao, mtu akiwa peke yake nyumbani, wala hakuona haja ya kutuarifu isipokuwa kwa bahati. Mpatanishi akianza kukutajia msamaha kabla wewe hujautaja, usimpe kikao cha pili.

Sasa turudi kwenye mlango wako. Mwanazuoni wa Norway, Nils Christie, aliandika mwaka 1977 kwamba ugomvi ni mali ya wale unaowahusu, na kwamba dola pamoja na wanasheria wake huwanyang'anya watu mali hiyo, wakawaacha waliokosewa wamekaa nyuma ya ukumbi kama watazamaji wa kesi yao wenyewe. Wakati naanza kazi niliona ni maneno ya darasani. Baadaye niliona watu wengi waliokuja kwetu wakiwa na swali moja ambalo kesi yote ilipita bila kuligusa, na aghalabu lilikuwa swali la aina ya mlango wako: alinichagua kwa nini, alisimama wapi, aliniona, aliijua nyumba kabla? Hakimu hakuwa na haja nalo, kwa sababu jibu lake lisingebadilisha kosa wala adhabu. Anayelijua jibu ni mtu mmoja tu duniani, na kwa bahati mbaya ndiye yule yule aliyekuibia.

Kuhusu kudanganywa, kinga yako kubwa ni maandalizi, na hapa naomba nieleze kwa kirefu kidogo. Hadithi inayosimuliwa kama mwanzo wa utaratibu huu kwa sura yake ya kisasa ni ya mwaka 1974, katika mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario nchini Kanada, ambako vijana wawili waliokuwa wamelewa waliharibu mali za watu 22 kwa usiku mmoja, wakikata magurudumu ya magari na kuvunja madirisha. Afisa wa uangalizi aitwaye Mark Yantzi alipendekeza kwa hakimu kwamba vijana hao wapelekwe kwa waliowakosea, na hakimu, baada ya kusita, akakubali. Wakaenda nyumba hadi nyumba. Waliobisha hodi ni vijana wenyewe, wasimamizi wakiwa wamesimama kando na madaftari yao, na baada ya miezi michache hasara ikalipwa. Ni simulizi nzuri, na huwa inasimuliwa kama ushindi mtupu, lakini mimi kila nikiisikia humfikiria yule aliyefungua mlango akamkuta kizingitini kijana aliyemvunjia dirisha, bila kuulizwa kwanza kama alitaka kumwona. Leo mpatanishi yeyote mwenye kuijua kazi yake hawezi kufanya hivyo.

Kinachofanyika leo, au kinachopaswa kufanyika, ni kwamba mpatanishi anakutana na kila upande peke yake, mara moja, mara mbili, na katika makosa mazito mara nyingi zaidi kwa miezi kadhaa. Kwa kijana anakwenda kupima mambo matatu: kama anakubali alichokifanya bila kukizungushia visingizio, kama anaelewa kwamba atakaa na kusikiliza mambo yatakayomchoma, na kama kuna dalili yoyote kwamba maneno yake yatakuumiza upya. Nimewahi kuvunja mkutano siku mbili kabla, watu wakiwa wamekwisha omba ruhusa kazini, kwa sababu mhusika aliniambia, "Lakini na wao waliacha geti wazi." Hapo nikajua hayuko tayari.

Hata viti vina hesabu yake. Tulikuwa tunaondoa meza, kwa sababu meza huwapa watu mahali pa kujificha, lakini kama aliyekosewa anaitaka, inarudi. Yeye ndiye anayechagua kuingia kwanza au kumkuta mwenzake amekwisha kaa. Kiti chake kinakuwa karibu na mlango, ili akitaka kuondoka asilazimike kumpita yule. Haya yanaonekana madogo mpaka siku unapomwona mtu mzima akishindwa kuongea kwa sababu tu mlango uko upande wa pili wa chumba.

Na kama ana kwa ana inakushinda, si lazima iwe hivyo. Unaweza kuandika barua ukajibiwa. Unaweza kumtuma mpatanishi na maswali yako akakurudishia majibu, wewe usimwone kijana kabisa. Njia hiyo ina upungufu wake, kwa kuwa huioni sura ya anayejibu, lakini kwa wengine huo ndio unafuu.

Wakili_wa_Jioni amejibu:

Nakubaliana na mengi aliyosema Mzee Mpatanishi, ila naomba nilishike swali la pili, maana hapo ndipo watu huumia kwa kutojua.

Dada, angalia barua yako inasema utaratibu huu uko nje ya adhabu au ndani yake. Tofauti ni kubwa. Kuna mipango inayofanyika kabla ya mashtaka, ambapo mkosaji akitimiza makubaliano shauri halifiki mahakamani. Kuna inayofanyika kati ya kukiri kosa na hukumu, ambapo hakimu hupelekewa taarifa ya kikao. Na kuna inayofanyika baada ya hukumu, mtu akiwa tayari anatumikia. Nchini New Zealand, kwa mfano, sheria ya mwaka 1989 iliuweka mkutano wa familia katikati ya mashauri ya watoto na vijana waliokosa, kiasi kwamba makosa mengi ya vijana huamuliwa huko, na aliyekosewa ana haki ya kualikwa. Ubelgiji nayo, kwa sheria ya mwaka 2005, iliufungua upatanishi kwa kosa lolote na katika hatua yoyote ya shauri, hata mtu akiwa gerezani. Kwa kuwa kijana wako amekwisha hukumiwa, uko katika kundi la tatu, na kichocheo cha kuigiza majuto kwa ajili ya hakimu kimepungua. Sisemi kimekwisha. Kama kuna bodi itakayopitia tabia yake siku za usoni, anaweza kuwa anaiwazia hiyo. Uliza moja kwa moja: taarifa ya kikao itapelekwa kwa nani, na itaandikwa nini? Una haki ya kujibiwa kabla hujasema ndiyo.

Mwaka 2002 Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za msingi za mipango ya haki rejeshi. Si sheria yenye meno, lakini ni kipimo kizuri cha kuipimia barua uliyoletewa. Kanuni hizo zinataka pande zote mbili ziridhie kwa hiari na ziweze kujitoa wakati wowote. Zinataka pande hizo ziwe zinakubaliana juu ya mambo ya msingi ya kilichotokea. Zinataka yanayosemwa kwenye kikao cha faragha yabaki siri, isipokuwa kwa ridhaa ya pande zote au kwa matakwa ya sheria. Na zinakataza kushiriki kwa mtuhumiwa kutumiwa baadaye kama ushahidi kwamba amekiri kosa. Kama mpango wenu unakwenda kinyume na lolote kati ya hayo, mimi nisingekwenda.

Kuhusu neno "msamaha", tatizo lina mizizi hata katika lugha yetu. Tunalitumia kwa kitu cha moyoni, tunalitumia kwa msamaha wa dola kwa wafungwa, na tunalitumia hata kwa kodi. Sheria ya mwaka 1995 iliyounda Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, ile iliyochunguza ukatili wa enzi ya ubaguzi wa rangi, ilimtaka mwombaji wa msamaha wa kisheria aeleze ukweli wote, na aonyeshe kwamba kitendo chake kilihusiana na lengo la kisiasa. Haikumtaka ajute, wala haikumtaka aliyekosewa amsamehe. Wapo waliokasirishwa sana na hilo, na ninawaelewa, lakini angalau halikuwa na unafiki: dola ilitoa kilicho chake, ikawaachia watu mioyo yao. Wasiwasi wangu ni pale mpango wa upatanishi unapogeuza moyo wa mtu kuwa sehemu ya mashine, kisha ukahesabu machozi kama mafanikio.

Nimalizie na tahadhari ambayo haikuhusu wewe moja kwa moja, lakini wanaosoma hapa ni wengi. Mahali ambapo aliyekosewa anaishi chini ya mamlaka au hofu ya aliyemkosea, hasa katika ukatili wa majumbani, kuwaketisha pamoja kunaweza kuwa kumrudisha mtu kwenye kinywa cha mamba. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2011 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, ule unaojulikana kwa jina la Istanbul, unazitaka nchi wanachama zipige marufuku usuluhishi wa lazima katika makosa hayo. Mzingatie neno "lazima". Mwanamke akitaka mwenyewe, na akiwa amelindwa, huo ni mjadala mwingine. Ninachokikataa ni wazee wa ukoo au ofisi yoyote kumwamulia kwamba sasa muda wa kupatana umefika.

Msomaji_Mkali amejibu:

Mimi naona mnamzungusha huyu dada. Kaka yake amesema kweli. Mwathiriwa ameibiwa, amekosa usingizi, sasa anaombwa tena akatumie siku yake nzima kumsaidia mwizi ajisikie binadamu. Kwa nini kazi ya kumrekebisha mhalifu abebeshwe aliyeumizwa? Hilo ni jukumu la magereza.

Mpatanishi_Mstaafu amejibu:

Ndugu Msomaji, hoja yako ni nzito, na kuna mipango inayostahili kabisa kuambiwa hivyo. Nimeona barua zinazomwomba aliyekosewa "ashiriki katika safari ya mabadiliko" ya mtu aliyemvunjia nyumba. Barua ya namna hiyo imeandikwa na mtu anayemfikiria mkosaji peke yake, na aliyekosewa ameingizwa humo kama dawa.

Lakini huyu dada hakusema anataka kumrekebisha mtu. Amesema anataka kujua habari za mlango na simu. Magereza hayawezi kumpa jibu hilo, hata yafanye kazi yake vizuri kiasi gani.

Wakili_wa_Jioni amejibu:

Niongeze takwimu kidogo kwa Ndugu Msomaji, kwa kuwa jambo hili limepimwa. Uchunguzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, uliofanywa kwa ajili ya serikali ya Uingereza na ripoti yake ya mwisho kutoka mwaka 2008, ulionyesha kwamba asilimia 85 ya waathiriwa waliohudhuria mikutano waliridhika nayo, na kwamba idadi ya makosa mapya yaliyothibitishwa mahakamani ilipungua kwa asilimia 14. Mapitio ya pamoja ya majaribio 10, yaliyochapishwa mwaka 2013, nayo yaliona kupungua kwa kurudia makosa, kupungua kwa kiasi tu, pamoja na waathiriwa wengi kuridhika zaidi kuliko wale ambao kesi zao zilipita mahakamani peke yake.

Hata hivyo, tusizisome namba hizi kwa pupa. Walioulizwa ni watu waliokubali kukutana. Waliozichana barua zao hawamo kwenye ile asilimia 85, na wala hatuna sababu ya kusema walikosea.

Aliyeketi amejibu:

Dada yangu, mimi sina elimu ya waliotangulia, ila niliwahi kukaa kwenye kiti hicho. Miaka kadhaa iliyopita nilipigwa na mtu nisiyemjua nikiwa natoka kazini, taya likavunjika mahali pawili. Alikamatwa, akafungwa, na baadaye nikaletewa barua kama yako.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu wiki nzima. Aliingia na karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akasoma maneno ya kuomba radhi haraka haraka kama mtoto anayesoma shairi alilokaririshwa, macho yake yakiwa kwenye mikono yake. Sikusikia chochote moyoni. Nilijisemea kwamba nimepoteza siku. Mpatanishi hakusema neno, na kimya kile kilikuwa kirefu mpaka nikaanza kuisikia saa ya ukutani.

Aliyekivunja ni mama yake, ambaye alikuwa amekuja naye na hadi hapo alikuwa hajatazama upande wangu. Akaniuliza, "Mwanangu, wakati taya limefungwa, ulikuwa unakula nini?" Nikamjibu kwamba kwa wiki sita nilikunywa supu kwa mrija, na kwamba mke wangu alikuwa akiichuja mara mbili ili chembe zisizibe. Sikuwa nimelipanga hilo kwenye hotuba yangu. Sikuwa hata nimeliwaza kwamba ni jambo la kusema. Ndipo yule kijana akainua uso kwa mara ya kwanza, akaiweka karatasi chini, akaniambia kwamba usiku ule alidhani mimi ni mtu mwingine aliyekuwa na ugomvi naye. Aligundua nilipoanguka na taa ikanimulika usoni. Akakimbia.

Kwa hiyo jibu la "kwa nini mimi" lilikuwa: si wewe. Sijui nililitarajia jibu gani, pengine lililo kubwa zaidi. Nilikuwa nimejijengea imani kwamba kuna mtu ananifuatilia, na nilikuwa nimebadilisha njia ya kurudi nyumbani. Wiki iliyofuata niliirudia njia yangu ya zamani. Kama nimemsamehe, sijui. Sina kinyongo cha kila siku, lakini nikimwona upande mmoja wa barabara nitavuka upande wa pili.

Sasa nikueleze na upande mchungu, maana hausemwi. Tulikubaliana kwa maandishi kwamba atanilipa sehemu ya gharama za matibabu kidogo kidogo atakapotoka. Alilipa mara mbili, akaacha. Nilipoulizia katika ofisi iliyotukutanisha niliambiwa faili limeshafungwa, kwamba kikao kilifanikiwa. Hilo liliniuma kuliko hata hela yenyewe, kwa sababu nilijiona mjinga mara ya pili. Kwa hiyo, ukifika hatua ya makubaliano, uliza nani atafuatilia, kwa muda gani, na ikiwa hakutimiza itakuwaje. Wasipokuwa na jibu, ni heri usikubali ahadi yoyote, uchukue majibu yako uende.

Mpatanishi_Mstaafu amejibu:

Ndugu Aliyeketi amesema ukweli unaotuaibisha sisi wa kazi hii. Kikao ndicho kinachopigiwa hesabu, na ufuatiliaji hauna mtu. Makubaliano mazuri ni machache na mafupi: kitu gani, lini, kwa njia ipi, na jina la atakayepiga simu siku hiyo ikipita. Nimewahi kuona mtu akikataa fidia yoyote, akaomba tu aandikiwe barua moja kila baada ya miezi sita kuelezwa kijana anasoma nini. Na nimewahi kuona mwingine akitaka kazi ya mikono ifanyike kwenye uzio wake ule ule uliobomolewa, mwenyewe akiwa safarini. Usikubali kitu kwa sababu fomu ina nafasi yake.

Mwenye_Nyumba amejibu:

Nawashukuru wote, na Ndugu Aliyeketi nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu ile habari ya mrija nimeisoma mara tatu.

Nimepiga simu kwenye ofisi iliyoniandikia. Nimemuuliza mama aliyepokea yale aliyoshauri Wakili, naye amesema kikao hakipunguzi adhabu, na kwamba kitakachoandikwa ni tarehe na kwamba kimefanyika, bila yaliyosemwa. Nimemwomba aniletee hayo kwa maandishi, akakubali bila kukasirika, jambo lililonipa moyo kidogo. Amesema atakuja kuniona peke yangu kwanza, na kwamba baada ya hapo naweza kusimama hapo hapo.

Shangazi nimemwambia kwa upole kwamba siendi kusamehe. Amenyamaza, kisha akaniuliza kama nitamuulizia ile simu. Nikamwambia nitamuulizia, ingawa najua huenda ilikwisha kuuzwa na kufutwa siku ile ile.

Nina swali moja tu lililobaki kwa Mzee Mpatanishi. Naogopa nikimuuliza habari za mlango akaniambia hakumbuki. Je, naweza kuomba aulizwe kwanza, kwenye maandalizi yake, ili nisiende kusikia "sikumbuki" mbele ya watu? Au nikifanya hivyo nitakuwa nimempa muda wa kutunga?

Mpatanishi_Mstaafu amejibu:

Unaweza, na ni vizuri ukafanya hivyo. Mpatanishi atamuuliza, na kama hakumbuki kweli, utaambiwa mapema na utaamua kama kikao bado kina maana kwako. Hatari ya kutunga ipo, lakini anayetunga kwa kawaida hutunga kinachompendeza msikilizaji, na mpatanishi mzoefu atakuwa amemsikia kijana mara mbili tatu, akalinganisha. Ila mweleze wazi jambo moja: unataka kuletewa jibu lenyewe, au unataka tu kuhakikishiwa kwamba jibu lipo, halafu ulisikie kwa mdomo wake? Watu hutofautiana sana hapo, na likishasemwa halirudi.

Mwenye_Nyumba amejibu:

Nataka kulisikia kwake. Wanihakikishie lipo, basi.

Fomu ya hatua ya kwanza nimeijaza jana usiku. Kwenye nafasi ya mtu atakayefuatana nami nimeandika jina la kaka yangu. Amesema atakuja, ila hataongea, na hatakaa karibu na yule kijana.

Mpatanishi_Mstaafu amejibu:

Mwambie mpatanishi hayo siku ya kwanza atakapokuja, ili viti vipangwe kwa hesabu hiyo.